Wavumbuzi na visa vyao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila watu wanapozungumzia wavumbuzi, iwe darasani, kijiweni au kwenye makundi ya WhatsApp. Majibu mengine ni marefu kwa sababu kisa chenyewe ni kirefu. Mengine yanaisha kwa sentensi chache.

Je, Edison ndiye aliyevumbua balbu?

Peke yake, hapana. Na hakuwa wa kwanza. Joseph Swan, mkemia wa Newcastle nchini Uingereza, alionyesha balbu yake hadharani Februari 1879. Balbu maarufu ya Edison, yenye uzi wa pamba uliochomwa ukawa kaboni, iliwaka zaidi ya saa kumi na tatu Oktoba mwaka huohuo, kule Menlo Park, Marekani. Walipoona kesi mahakamani zingewala wote wawili, mwaka 1883 waliunganisha biashara zao za Uingereza, na balbu zikauzwa kwa jina la Ediswan.

Alichowazidi wenzake Edison ni kwamba aliufikiria mtaa mzima: jenereta, nyaya za chini ya ardhi, mita na bili. Septemba 1882 kituo chake cha umeme cha Pearl Street kilianza kuwahudumia wateja wa New York. Balbu bila mtu wa kukuuzia umeme ni chupa tu, jambo ambalo wakazi wa vijiji vilivyopitiwa na nguzo lakini havijaunganishwa wanalielewa vizuri kuliko mhandisi yeyote.

Jina linalostahili kutajwa pamoja na hao wawili ni Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye baba yake alitoroka utumwani Virginia mwaka 1842. Latimer alijifunza mwenyewe uchoraji wa michoro ya kiufundi, na ndiye aliyechora michoro ya ombi la hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) la simu ya Alexander Graham Bell. Mwaka 1882 alipata hataza yake mwenyewe ya njia bora ya kutengeneza nyuzi za kaboni za balbu, wakati huo akifanya kazi kwa mshindani wa Edison. Edison alimwajiri baadaye.

Ni kweli maikrowevu ilianzia mfukoni mwa mtu?

Ndivyo kinavyosimuliwa kisa hicho. Percy Spencer alikuwa mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Massachusetts, iliyokuwa ikitengeneza magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi ya rada. Mwaka 1945 alisimama karibu na magnetroni iliyowashwa, akaona kipande cha pipi alichokuwa nacho mfukoni kimeyeyuka. Akaleta mahindi ya bisi, yakapasuka na kutapakaa sakafuni. Kisha likaletwa yai. Mwenzake mmoja alisogea kuchungulia, likamlipukia usoni.

Hapo ndipo wasimuliaji wengi huishia, na ndipo mimi napenda kuanzia. Spencer alikuwa yatima aliyeacha shule mapema na kuanza kazi ya kiwandani akiwa na umri wa miaka 12. Umeme na redio alijifunza mwenyewe, vitabu mkononi. Kufikia siku ile alikuwa miongoni mwa watu walioijua magnetroni kuliko karibu mtu mwingine yeyote duniani. Wengine waliofanya kazi karibu na mitambo ile walikuwa wamekwisha kuhisi joto lake na wakaendelea na shughuli zao.

Oktoba 1945 kampuni iliomba hataza. Maikrowevu ya kwanza kuuzwa, mwaka 1947, ilikuwa na urefu wa mtu mzima na uzito wa kilo 340 hivi, na ilihitaji bomba la maji la kuipoza. Ni mahoteli na meli tu zilizoweza kuinunua. Ilichukua miaka 20 mingine, hadi 1967, kupata ya kuweka juu ya meza ya jikoni kwa chini ya dola 500.

Erasto Mpemba aligundua nini hasa, na kwa nini alichekwa?

Mpemba hakuvumbua kifaa, lakini swali hili huulizwa kuliko mengine yote, kwa hiyo halikwepeki.

Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unayaingiza kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa ya kugombaniwa. Siku moja, Mpemba akiwa anachemsha maziwa aliyonunua kwa akina mama wa jirani, mwenzake alichanganya maziwa yake na sukari bila kuyachemsha, akayawahisha kwenye trei. Mpemba akaona akisubiri yapoe atakosa nafasi. Akayatia yakiwa ya moto vilevile, huku akijua anahatarisha friza ya shule. Saa moja na nusu baadaye walirudi kutazama. Trei ya Mpemba ilikuwa imekwisha kuwa aiskrimu, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani. Akanyamaza. Baadaye aliongea na rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kuwa huweka maziwa yakiwa ya moto ili yagande haraka. Muuza aiskrimu alikuwa analijua jambo ambalo mwalimu alilikana. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, Mpemba aliuliza tena. Mwalimu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Tangu hapo, kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walimkumbusha kuwa hizo ni hesabu za Mpemba.

Kisha akaja Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama, akauliza: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukiviweka kwenye friza kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Darasa likacheka. Osborne alikiri kwamba hajui, akaahidi kujaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, lakini asiwe na wasiwasi, wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi. Sijui kisa kingine kinachoonyesha kwa ufupi hivi jinsi mtu anavyoweza kuona kitu kwa macho yake na bado akakikataa.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja. Wakati huo Mpemba alikuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi, fani aliyoifanyia kazi baadaye. Wanasayansi bado wanabishana. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2016 ulishindwa kuiona athari hiyo katika maji, na wengine wanasema inategemea chombo, uvukizi na namna unavyopima. Na ni kweli kwamba Aristotle alikwisha kuandika jambo la aina hiyo karne nyingi nyuma. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu, maana kitabu cha Aristotle hakikuwa ndani ya friza ya Magamba.

Kwa nini maandishi ya nukta nundu, yale ya wasioona, yana nukta sita?

Kwa sababu kijana wa miaka 15 alizihesabu kwa ncha ya kidole.

Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na miaka mitatu Louis aliingia karakanani, akachukua chombo chenye ncha kali, akataka kutoboa ngozi kama alivyomwona baba yake akifanya. Kikateleza kikamchoma jicho. Uambukizo ukahamia jicho la pili, na kabla hajafikisha miaka sita alikuwa kipofu kabisa.

Alipokuwa katika shule ya vijana vipofu mjini Paris, kulikuwa na vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa kwenye karatasi. Vilikuwa vizito, vichache, na kuvisoma kulichosha. Kisha shuleni ukaletwa mfumo wa Charles Barbier, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, wa kuandika kwa nukta. Kila alama ilichukua hadi nukta 12, na ilionyesha sauti badala ya herufi. Kasoro yake aliijua mtu anayesoma kwa kidole tu: alama ni kubwa mno, inabidi kidole kipande na kushuka ndipo uimalize. Braille aliipunguza hadi nukta sita, tatu kwa mbili, ili kidole kikigusa mara moja kiwe kimesoma. Nukta hizo sita hutoa michanganyiko 63. Inatosha herufi, tarakimu, alama za uandishi, hata muziki, maana yeye mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani. Mwaka 1824 kazi ilikuwa kimsingi imekamilika.

Cha kushangaza ni mapokezi. Walimu wenye macho hawakuutaka, kwa kuwa wao wenyewe hawakuweza kuusoma, na kuna kipindi uongozi wa shule uliupiga marufuku. Wanafunzi waliendelea kuutumia kwa siri. Braille alifariki Januari 1852, na Ufaransa ikaukubali rasmi mwaka 1854. Nukta zile huandikwa kwa kalamu ya chuma yenye ncha, binamu wa kile chombo cha karakana ya baba yake.

Fleming aliikuta penisilini kwa bahati. Alitajirika?

Hapana, na sehemu ngumu haikuwa yake. Septemba 1928 Alexander Fleming alirudi kutoka likizo katika hospitali ya St Mary's, London, akakuta ukungu umeota kwenye kisahani kimoja alichokiacha, na bakteria waliokuwa karibu nao wamekufa. Aliandika makala mwaka uliofuata, lakini kuitenga ile dawa kutoka kwenye maji ya ukungu kukamshinda.

Waliofaulu ni Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford, miaka zaidi ya kumi baadaye, vita vikiwa vimepamba moto. Mei 1940 waliwaambukiza panya wanane; wanne waliopewa penisilini walinusurika, wanne wengine walikufa usiku huohuo. Vyombo vilikuwa haba, hivyo Heatley aliotesha ukungu kwenye vyombo vya haja vya wagonjwa. Mapema 1941 walimtibu polisi aliyeitwa Albert Alexander, aliyekuwa anakufa kwa uambukizo. Akaanza kupata nafuu, anakula, homa imeshuka. Dawa ilikuwa kidogo kiasi kwamba waliikamua tena kutoka kwenye mkojo wake ili wamrudishie. Ikaisha, naye akafariki.

Tuzo ya Nobel ya 1945 walipewa Fleming, Florey na Chain. Heatley alisubiri hadi 1990, Oxford ilipompa udaktari wa heshima.

Tairi la mpira lina kisa gani?

Lina visa vitatu, na cha tatu kinatuhusu.

Cha kwanza ni cha Charles Goodyear, Mmarekani aliyefungwa mara kadhaa kwa madeni huku akiuchanganya mpira na kila alichokipata. Mpira wa enzi hizo ulinata wakati wa joto na kupasuka wakati wa baridi. Mwaka 1839 mpira uliochanganywa na salfa uligusa jiko la moto. Badala ya kuyeyuka, ukakomaa kama ngozi. Alipata hataza mwaka 1844, akamaliza maisha yake akipigana na walioiiba, na mwaka 1860 alikufa akidaiwa takriban dola 200,000. Kampuni yenye jina lake ilianzishwa mwaka 1898, na familia yake haikuwa na hisa wala mkono ndani yake.

Cha pili ni cha John Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast. Mwaka 1888 alilijaza upepo tairi la baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu ili isimrushe kwenye mawe. Akapata hataza, kisha ikabatilishwa, kwa sababu Robert Thomson wa Scotland alikuwa amekwisha kusajili wazo hilo miaka ya 1840, kabla ya kuwapo baiskeli za kulihitaji. Kumbe mtu anaweza kushindwa kwa kuwahi mno.

Cha tatu hakina mvumbuzi. Baiskeli na magari yalipoenea, bei ya mpira ilipanda, na mpira wa mwitu ulikuwa katika misitu ya Kongo, ambayo tangu 1885 ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Vijiji vilipangiwa kiasi cha utomvu cha kuleta. Wanawake walishikwa mateka hadi waume zao warudi na mpira. Askari walitakiwa kuleta mikono iliyokatwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi. Utawala huo ulidumu hadi 1908, na mamilioni ya watu walipotea kwa mauaji, njaa na maradhi. Ni vigumu kuusimulia uvumbuzi wa tairi kama kisa cha mtoto na baiskeli yake ukiwa unayajua haya.

Je, M-Pesa ilibuniwa na mwanafunzi Mkenya akaibiwa wazo?

Uvumi huu umezunguka miaka mingi na una wafuasi waaminifu. Historia inayojulikana ni tofauti. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio walioongoza mradi, ukipata sehemu ya fedha kutoka serikali ya Uingereza, na programu ya kwanza iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge.

Lakini jibu haliishii hapo, maana huduma hiyo haikukusudiwa kuwa hii tunayoitumia. Majaribio yalipoanza mwaka 2005, kwa ushirikiano na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, lengo lilikuwa wakopaji walipe marejesho kwa simu badala ya kubeba noti kwenye mikutano ya vikundi. Watu walipopewa mfumo mkononi wakaanza kuutumia watakavyo: mmoja anamtumia mkewe aliye mbali, mwingine anaweka hela kwa wakala mjini kabla ya safari ili azitoe afikapo, mfanyabiashara anamlipa mwenzake. Tena kutuma muda wa maongezi kama hela lilikuwa jambo la kawaida kabla ya hapo. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, mikopo ilikuwa imewekwa kando na kilichouzwa ni kutuma pesa nyumbani. Kwa hiyo anayesema Wakenya waliibuni hakosei kabisa, ila waliofanya hivyo ni wale wateja wa majaribio, na hakuna hataza inayotaja majina yao.

Na jiko lenye kiuno?

Lile jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani, pana juu na chini, jembamba katikati, lilitokana na jiko la ndoo la Thailand. Lilibadilishwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980 na wahandisi wakishirikiana na mafundi wa jua kali, yaani wa karakana zisizo rasmi. Linapunguza sana matumizi ya makaa kulinganisha na jiko la bati tupu, na mafundi wanaligonga kwa nyundo na mabati chakavu bila kumwomba mtu ruhusa. Pengine ndiyo sababu lilienea upesi hadi nchi za jirani.

Kuna wavumbuzi walioacha utajiri kwa hiari?

Wapo. Nils Bohlin, aliyewahi kusanifu viti vya kujirusha vya marubani, alibuni mkanda wa gari wa pointi tatu kwa Volvo mwaka 1959, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine waige bila malipo. Wagunduzi wa insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja kila mtu. John Walker, mwuza dawa wa Stockton, Uingereza, aliyeanza kuuza viberiti vya kusugua mwaka 1827, hakuchukua hataza, na mwingine akaviiga na kuviuza London.

Ni kweli ofisa wa hataza wa Marekani alisema kila kitu kimekwisha kuvumbuliwa?

Hapana. Maneno hayo huwekwa mdomoni mwa Charles Duell, kamishna wa hataza mwaka 1899. Hakuna ushahidi kwamba aliyasema. Taarifa yake ya mwaka huo inaonyesha maombi yakiongezeka.

Nina wazo langu. Nilipeleke wapi?

Kwenye ofisi ya serikali inayosajili hataza: Kenya ni KIPI, Tanzania Bara ni BRELA, Uganda ni URSB. Kuna pia ARIPO, shirika la haki miliki la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa wanachama. Wazo tupu halipewi hataza. Lazima liwe jipya, lisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa fani hiyo angelifikia bila kuumiza kichwa, na liweze kutengenezwa au kutumika. Maelezo na michoro yako iwe kamili kiasi kwamba fundi mwingine akiisoma aweze kukitengeneza kifaa hicho bila kukupigia simu.

Usikionyeshe kwenye maonyesho, runinga au TikTok kabla ya kuwasilisha ombi, kwa sababu kukitangaza kunaweza kukuondolea sifa ya upya. Ukilazimika kumwonyesha mfadhili, mwekeane mkataba wa siri kwa maandishi kwanza. Na kama ulichonacho ni maboresho madogo ya kitu kilichopo, mfano mlango mpya wa jiko au mfuniko wa pampu, uliza kuhusu cheti cha modeli ya matumizi. Masharti yake ni mepesi kuliko ya hataza, na Kenya kinakulinda kwa miaka 10.